Moto wa moja kwa moja na moto wa ACC kwenye redio ya gari

Magari mengi ya Dodoma yametoka Japani yakiwa yametumika. Redio zake hushika FM kuanzia 76 hadi 90 MHz, wakati stesheni zetu ziko kati ya 87.5 na 108, kwa hiyo wengi hubadili redio mapema. Ukitaka kuifunga mwenyewe, tambua kwanza aina mbili za moto, yaani umeme, zinazofika nyuma ya dashibodi.

Moto wa moja kwa moja hutoka kwenye betri kupitia fyuzi na haukatiki hata ukitoa ufunguo. Redio huutumia kutunza saa na stesheni, na ndio unaobeba mzigo muziki unapolia. Moto wa ACC huja ufunguo ukifika ACC, hatua iliyo kabla ya ON, au ON yenyewe. Kazi yake ni kuiamuru redio iwake tu. Kwenye redio nyingi za dukani wa kwanza ni waya wa njano, wa pili mwekundu, na mweusi ni ethi, yaani njia ya kurudi kwenye bodi.

Ukigeuza njano na nyekundu, redio itawaka lakini itasahau stesheni kila ukizima gari. Ukizifunga zote mbili kwenye moto wa moja kwa moja, ufunguo hauizimi tena, na gari likilala siku kadhaa betri inakwisha. Fundi mwenye haraka akishindwa kuipata ACC hufanya hivyohivyo na kukukabidhi gari.

Rangi ndizo huwaponza watu. Kwenye Toyota nyingi moto wa moja kwa moja ni waya wa bluu wenye mstari wa njano, ACC ni kijivu na ethi ni kahawia. Mwekundu na mweusi vilevile utaziona, kwenye soketi ndogo ya pini 6, ila hizo ni za spika za nyuma! Anayeunga mwekundu kwa mwekundu ameingiza spika kwenye njia ya umeme. Nunua soketi za Toyota za pini 10 na pini 6. Waya wa gari haukatwi hata mmoja.

Hata ukiwa na soketi, pima. Weka mita kwenye volti 20 DC, ncha nyeusi ishike chuma cha bodi. Ufunguo ukiwa nje, waya unaosoma 12.4 hadi 12.7 ni wa moja kwa moja. Unaosoma sifuri kisha kupanda ufunguo ukifika ACC ndio wa ACC. Hamishia mita kwenye ohm upime spika: ya ohm 4 husoma 3 na ushee. Negativu yake usiipeleke ethi, utaunguza amplifaya ya ndani ya redio. Soketi za njano za eabegi usiziguse kabisa.

Ukishaweka alama, fungua negativu ya betri kwa spana namba 10 ndipo uunge waya za redio na za soketi ulizonunua. Tepu ya umeme pekee haitoshi kwa joto la hapa: gundi hulainika, tepu inaachia, shoti inafuata. Choma risasi, kisha vika mpira wa kusinyaa.

Nafasi ya Toyota ina upana wa milimita 200, na redio ya kawaida ya DIN mbili (saizi ile ndefu kwenda juu) ni karibu 180, hivyo nunua ya 200 au fremu za kuziba pembeni. Rudisha betri ujaribu spika zote nne kabla ya kufunga plastiki. Klipu zilizokaushwa na jua miaka mingi hukatika ukizing'oa mara ya pili.