Risasi kwenye bampa ya nyuma si dawa ya kuserereka

Wapenzi wa malori ya mashindano ya rimoti hapa Dodoma wana tiba moja tairi za nyuma zikianza kuserereka: funga vipande vya risasi, ile metali nzito, kwenye bampa ya nyuma. Nusu yake ni kweli.

Tairi ikielemewa hushika zaidi, ila mshiko hauongezeki sawasawa na mzigo. Halafu kuna suala la mahali. Chukua lori lenye milimita 280 kati ya ekseli zake mbili. Gramu 100 zikikaa milimita 70 nyuma ya ekseli ya nyuma, tairi za nyuma zinaongezewa gramu 125 na za mbele zinapoteza 25. Lori litaondoka vizuri kwenye mstari ulionyooka, kisha kwenye kona pua inagoma kugeuka. Na mkia ukishachomoka, uzito ule unauvuta kama nyundo. Kuurudisha ni kazi.

Anza na betri, maana hiyo umeshaibeba tayari. Ya gramu 300 ikisogezwa nyuma milimita 30, gramu 32 hivi zinahamia nyuma bila lori kuongezeka uzito. Hakikisha kwa mizani ya jikoni: tairi za nyuma juu ya mizani, za mbele juu ya kitabu chenye kimo kilekile.

Kwa udongo wetu wa kiangazi, mgumu chini na vumbi la unga juu, mimi ningegusa tairi kwanza: mpira laini, meno yanayopenya vumbi. Springi za nyuma zilizo laini kidogo husaidia pia. Risasi ije mwisho, tena ifungwe chini kabisa, mbele ya ekseli ya nyuma.