Maji ya mgongo na TB ya ubongo: tunayoamini na yaliyo kweli

"Mkimtoboa mgongo, hatembei tena." Maneno haya nimeyasikia wodini kutoka kwa wajomba waliosafiri toka Newala na Tandahimba, na huku Mtwara mjomba akishasema, mama wa mgonjwa hunyamaza. Inaniuma kila mara, kwa sababu kipimo kinachokataliwa, yaani kuchota kwa sindano maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo ili kutafuta TB, ndicho kingemwokoa mtu wao.

Kwa mtu mzima, uti wa mgongo, yaani ile kamba ya neva iliyo ndani ya pingili, unaishia usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano huingia chini ya hapo, kati ya ya tatu na ya nne, au ya nne na ya tano. Kichwa kinaweza kumuuma siku chache. Daktari akiona dalili za shinikizo kubwa kichwani, huahirisha. Anayepooza, mara nyingi amepoozeshwa na TB yenyewe, kwa kuwa huziba mishipa ya damu ya ubongo. Sindano hulaumiwa kwa sababu ndiyo ndugu walioiona.

Wengine husema tunamkausha. Mwili wa mtu mzima hutengeneza karibu mililita 500 za maji hayo ya mgongo kwa siku. Sisi tunaomba mililita sita hadi kumi. Tukipewa matone mawili, vimelea vinatuponyoka.

Lakini dhana inayoua zaidi ni hii: "Kipimo hakikuona kitu, basi si TB." Hata baadhi ya wahudumu huiamini. Vimelea ndani ya maji haya ni vichache mno, na hadubini huwakosa wagonjwa walio wengi. GeneXpert Ultra, kipimo cha mashine kinachotafuta vinasaba (DNA) vya TB, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2017, ina makali zaidi na hujibu ndani ya saa chache, ila nayo hukosea. Kwa hiyo tunasoma majibu yote ya maji kwa pamoja: limfosaiti (aina ya seli nyeupe za damu) nyingi, protini iliyopanda, sukari iliyoshuka chini ya nusu ya ile ya damu. Ndiyo maana mgonjwa hupimwa na sukari ya damu siku hiyohiyo. Wala maji kuwa maangavu si dalili ya usalama. Ya TB mara nyingi hutoka maangavu, tofauti na usaha wa bakteria wengine. ADA, kimeng'enya kinachopimwa kwenye maji hayo, ikipanda inasaidia, lakini hao bakteria wengine nao huipandisha.

Je, maji yanaweza kutabiri nani atapona? Kwa kiasi. Nchini Indonesia watafiti waligundua kwamba wagonjwa wenye triptofani (kijenzi kimoja cha protini) kidogo kwenye maji ya mgongo walipona zaidi, lakini hicho si kipimo cha kuagizwa katika hospitali zetu za Ligula wala Sokoine. Kinachotabiri vizuri ni fahamu za mgonjwa siku anapofika. Aliyekuja akijibu maswali, baada ya wiki mbili za homa, kichwa na kutapika, ana nafasi kubwa kuliko aliyeletwa hajitambui baada ya kupungwa majini.

Mwisho, eti dawa zisianze mpaka kimelea kionekane. Kuotesha vimelea maabara huchukua wiki kadhaa. TB ya ubongo isiyotibiwa huua karibu kila inayempata, na wengi huwa wamezikwa kabla jibu halijarudi. Dawa huanza siku daktari anaposhuku, pamoja na deksamethasoni (dawa ya kutuliza uvimbe) kwa wagonjwa wengi, na kwa mtu mzima huendelea miezi 12.