Moyo Unapopiga Polepole au Bila Mpangilio: Hesabu Mapigo, Kisha Tazama Dalili

Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo 60 hadi 100 kwa dakika. Chini ya 60 tunasema moyo unakwenda polepole, ila namba peke yake si ugonjwa. Mkimbiaji wa mbio ndefu anaweza kuwa na 45 akiwa amekaa na asiwe na shida yoyote. Mwenye 48 ambaye huona kizunguzungu, huchoka kwa kazi ndogo, huishiwa pumzi au amewahi kuzirai, huyo apimwe.

Kuhesabu hakuhitaji mashine. Kaa dakika tano bila kuongea wala kunywa kahawa, kisha weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba. Usitumie dole gumba, lina mapigo yake. Hesabu dakika nzima. Ukihesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne, mapigo yasiyo na mpangilio yatakudanganya. Hata mashine ya presha hukosea hapo, hivyo rudia mara tatu. Andika tarehe, saa, idadi na ulivyojisikia. Daftari hilo humsaidia daktari kuliko maelezo ya "moyo unanisumbua", kwa sababu ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, huchukua sekunde chache tu na tatizo linaweza lisijitokeze siku hiyo.

Kabla ya kuulaumu moyo, tazama dawa. Atenololi, propranololi, bisoprololi, verapamili na digoksini hupunguza mapigo. Hata matone ya macho ya timololi hufanya hivyo, na wagonjwa wengi hawayataji kwa kuwa si vidonge. Zipeleke zote kliniki, za kienyeji pia. Lakini usiache mwenyewe: ukikatiza atenololi ghafla, presha na mapigo vinaweza kupanda kwa kasi. Sababu nyingine ni tezi ya shingo kufanya kazi kidogo na potasiamu kuzidi mwilini. Hili la potasiamu huwapata zaidi wenye figo dhaifu, hasa wanaotumia spironolaktoni (dawa ya kuongeza mkojo), na jua la Dodoma likimkausha mtu maji figo huelemewa zaidi.

Pigo moja kuruka mara mojamoja kwa kawaida si hatari. Mapigo yasiyo na mpangilio kabisa ni jambo jingine: vyumba vya juu vya moyo hutetemeka badala ya kusukuma, damu huganda humo, na bonge likifika kwenye ubongo ni kiharusi. Mgonjwa akipewa wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, mlenda na mboga nyingine za majani si mwiko. Ale kiasi kilekile kila wiki, maana vitamini K ikipanda na kushuka, dawa nayo huyumba.

Aliyezirai, mwenye maumivu ya kifua, anayehema akiwa amekaa au aliyechanganyikiwa apelekwe hospitali mara moja. Asipandishwe bodaboda, akizirai tena ataanguka. Mlaze kwa gari, na kama anahema kwa shida mkalishe akiwa ameegemea.

Njia za umeme wa moyo zikiharibika, tiba ni betri ya moyo, kifaa kidogo kinachousukuma moyo upige, ambayo Dodoma hupandikizwa Hospitali ya Benjamin Mkapa. Baada ya hapo, mkono wa upande huo usiinuliwe juu ya bega kwa wiki nne hadi sita: hakuna kutwanga wala kujitwika ndoo. Simu ikae sentimita 15 mbali na kifaa, na fundi wa kuchomelea aulize kliniki kabla ya kurudi kazini.