Chura wa Fomalini: Yanayosemwa Maabara na Ukweli Wake

"Mwalimu, harufu imeisha." Kauli hii huisikia kila muhula, muda mfupi tu baada ya chura wa kupasuliwa darasani kutolewa kwenye chupa ya fomalini anamohifadhiwa, na ndiyo dhana inayonitia hofu kuliko zote. Harufu haijaisha, pua ndiyo iliyozoea. Fomalini ni gesi ya fomaldehaidi iliyoyeyushwa ndani ya maji, na gesi hiyo huendelea kutoka kwenye nyama ya chura muda wote mnapokuwa juu ya sinia. Mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliitaja fomaldehaidi kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu. Sisemi haya ili mwanafunzi alikimbie somo. Anayebeba hatari kubwa zaidi ni anayeuvuta mvuke huo mara kwa mara kwa miaka, yaani sisi walimu na mafundi wa maabara. Lakini macho yanayowasha na koo linalokereketa ni ya kila mtu. Kwa hiyo chura asuuzwe vizuri na aloweshwe kwenye maji safi kabla ya kipindi, madirisha ya pande zote yafunguliwe, na asiwepo anayeinamisha uso juu ya sinia ili aone vizuri.

Wengine hujifunga barakoa za hospitali wakaona wamejikinga. Barakoa zile huzuia matone, gesi hupita.

Dhana ya pili inatoka kwa watu wazima: eti watoto wapewe visu butu, ndivyo salama. Ni kinyume kabisa. Ngozi ya chura aliyehifadhiwa hukakamaa na kuteleza. Kisu butu kinamlazimisha mwanafunzi akandamize, kisha ngozi inaachia ghafla na kisu kinaishia kwenye kidole cha mkono ulioshika. Tena kisu chenyewe hakihitajiki sana. Mlaze chura chali, mbane miguu kwa pini zilizolala upande ili zisikuzuie. Inua ngozi ya tumbo kwa kibano, katikati ya mapaja, ikatwe kidogo kwa mkasi. Ingiza ncha butu ya mkasi kwenye tundu hilo, uielekeze juu, ukate taratibu kuelekea kidevuni. Ukifika kwenye msuli, sogea kando kidogo ya mstari wa kati, kwani hapo chini unapita mshipa mkubwa wa damu wa tumbo. Aliyekwenda pole pole hivi huukuta moyo ukiwa mzima, na uso wake unavyong'aa huwa ni malipo yangu ya siku nzima.

Kuhusu glovu: ikitobolewa na pini si glovu tena. Ibadilishe. Na ukiwa umeivaa usishike simu wala kalamu utakayoitia mdomoni.

Mabaki nayo hayaendi kwenye sinki wala kwenye shimo la taka ambako mbwa na kunguru watayafukua; mkabidhi fundi wa maabara, pamoja na ile fomalini ya chupani.

Fomalini ikiruka jichoni, wengi hunawa mara mbili tatu, wakajifuta na kurudi mezani. Haitoshi. Jicho lioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 zilizohesabiwa kwa saa, mwenzake akimshikia kope wazi, kisha wapelekane zahanati hata kama maumivu yametulia.