Filamu chipukizi, au kwa nini watoto walimuulizia Woody

Jumamosi moja nyumbani kwa dada yangu, mtaa wa Nyakato hapa Mwanza, niliwawekea watoto wake muvi ya katuni iitwayo Lightyear kutoka kwenye flashi. Buzz Lightyear, yule mlinzi wa anga wa filamu za Toy Story, walikuwa wanamjua vizuri, mdogo hata kandambili zake zina picha yake. Dakika kumi hazijaisha, yule wa darasa la tatu akaniuliza, "Mjomba, Woody anatokea saa ngapi?" Nikamwambia kwenye hii Woody, yule mwanasesere rafiki yake Buzz, hayumo. Akanyamaza kidogo. "Sasa huyu ni Buzz gani?"

Swali lake linagusa kiini cha kile ninachokiita hapa filamu chipukizi, ambacho wapenzi wengi wa muvi hukiita spinofu. Ni filamu inayomchukua mhusika mmoja kutoka kwenye hadithi iliyokwisha kupendwa na kumpa hadithi yake mwenyewe. Usiichanganye na mwendelezo. Mwendelezo, ile ambayo kwenye vibanda umiza tunaiita "pati tuu", huanzia pale tulipoachwa, steringi akiwa yuleyule. Chipukizi inaweza kurudi nyuma, ikachepuka pembeni, au ikamfanya rafiki wa steringi kuwa steringi.

Jina nimelitoa kwenye mgomba. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Bukoba, jirani anaweza kukung'olea chipukizi kwenye shina lake ukapande kwako. Shamba ni lingine na udongo ni mwingine, lakini unajua umepewa ndizi gani. Ukiahidiwa ndizi za kupika, ukangoja mpaka mkungu ukomae, halafu ukakuta ni ndizi za pombe, utalalamika hata kama zimenenepa vizuri. Matarajio ya hadhira yako hivyo. Mtazamaji anataka kitu kizuri, ndiyo, lakini kwanza anataka kile alichoahidiwa.

Na ahadi yenyewe mara nyingi hutolewa kwa jina tu. Bibi akisema "Hadithi, hadithi!" nasi tukaitikia "Hadithi njoo!", akishamtaja Sungura tunangoja ujanja, akimtaja Fisi tunangoja ulafi. Akitaka kutusimulia Fisi mwenye busara anaweza, ila itabidi atuandae taratibu. Vinginevyo tutakaa tukisubiri Fisi atumbukie shimoni, na busara yake yote itatupita.

Sasa mtazame Buzz. Katika Toy Story ya mwaka 1995, filamu ndefu ya kwanza kutengenezwa yote kwa kompyuta, yeye ni mwanasesere anayeamini kwa moyo wote kwamba ni mlinzi halisi wa anga, mpaka siku anapoliona tangazo la televisheni linalouza wanasesere kama yeye. Utamu wake unatoka kwenye imani ile inayovunjika, na kwenye ugomvi wake na Woody unaogeuka urafiki. Lightyear, iliyotoka Juni 2022, inatuletea Buzz ambaye ni binadamu na rubani wa kweli. Watengenezaji walijua huo ni mruko mkubwa, wakaweka maelezo mwanzoni: mwaka 1995 mtoto aitwaye Andy alipata mwanasesere kutoka kwenye filamu aliyoipenda, na filamu yenyewe ndiyo hii. Ni maneno machache ya Kiingereza yanayopita kwenye skrini. Watoto wa dada hawakuyasoma, nami sikuwasomea. Lakini naamini hata aliyeyasoma aliombwa mengi mno, maana maneno hayo yalipaswa kushindana na filamu nne zilizotangulia, za 1995, 1999, 2010 na 2019.

Matarajio hayafanani kwa kila mtu. Marekani wengi waliuliza kwa nini sauti ya Buzz imebadilika, kwa sababu Tim Allen aliyemzoesha masikioni mwao hakuwemo, na nafasi yake aliichukua Chris Evans. Huku kwetu, mtu aliyekulia kwenye muvi za kutafsiriwa, ambako sauti moja ya mtafsiri humsemea steringi, adui na hata mama mkwe, hilo halimsumbui sana. Yeye atauliza Woody yuko wapi. Na mwenye kumbukumbu ya Toy Story 2, ambamo adui aitwaye Zurg anamwambia Buzz kwamba ni baba yake, atashangaa kukuta hapa Zurg ni Buzz mwenyewe aliyezeeka, kutoka mkondo mwingine wa wakati.

Inasikitisha, kwa sababu ndani yake kuna sayansi iliyobebwa vizuri. Buzz anajaribu chombo kinachokimbia karibu na mwendo wa mwanga, kama kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwake ni dakika chache tu, lakini walioachwa chini wamekwisha kuishi miaka minne. Msingi wa jambo hilo ni wa kweli, Einstein aliueleza mwaka 1905. Niliwaeleza watoto hivi: fikirini mama amepanda meli ya usiku kwenda Bukoba, akalala, akarudi kesho yake Mwanza, akawakuta ninyi mmeshaoa. Wakakaa kimya kabisa. Rafiki yake Buzz, Alisha Hawthorne, anaolewa, anazeeka na kufa kati ya safari hizo, na hapo sayansi inageuka huzuni anayoielewa hata mtoto.

Hata hivyo filamu iliyotajwa kugharimu dola milioni 200 hivi iliingiza kama milioni 226 duniani, na sehemu kubwa ya mapato hubaki kwa wenye kumbi. Toy Story 4 ilikuwa imevuka bilioni moja. Sababu hazikuwa moja. Filamu kadhaa za studio hiyohiyo, Pixar, zilikuwa zimepelekwa moja kwa moja mtandaoni, watu wakazoea kungojea nyumbani, na nchi kadhaa, Falme za Kiarabu zikiwemo, hazikuruhusu ionyeshwe kwa sababu ya busu la wanawake wawili. Lakini Minions, chipukizi ya Despicable Me ya mwaka 2015, ilipita bilioni moja. Wale vijitu vya njano havikuwahi kuahidi kitu zaidi ya vurugu na kicheko, na ndivyo vilivyoleta.

Nilidhani watoto wangeomba tubadilishe. Hawakuomba. Baadaye kidogo anatokea Sox, paka wa roboti aliyepewa Buzz ili amliwaze, na mdogo akasogea mpaka karibu na skrini. Tangu hapo hakuna aliyemuulizia Woody tena. Majina ya mwisho yalipoanza kupanda, yule mdogo akanigeukia.

"Mjomba, ya huyu paka peke yake unayo?"