Mtoto anahara kila mara: tuangalie maji, uwanja na mikono

Maji yetu ni ya kisima cha pampu, safi kabisa. Mbona mtoto bado anahara?

Maji yakitoka salama kisimani yanaweza kuchafukia njiani au nyumbani. Jerikani la lita 20 limeota ukoko wa kijani ndani, mfuniko ulishapotea, na kila mwenye kiu anazamisha kikombe na vidole mtungini. Yachemshe mpaka yatokote, yafunike, na uyamimine badala ya kuyachota.

Lakini kwa maoni yangu tumeyalaumu maji mno, tukasahau chini. Mfuatilie mtoto wa miezi tisa kwa nusu saa tu. Anatambaa kwenye udongo ambapo kuku wamelala usiku kucha, anaokota punje ya mahindi pembeni ya mavi yao, na punje inaingia mdomoni. Kinyesi cha kuku hubeba bakteria wanaoharisha watoto. Kuku wajengewe banda lao, hata la miti na matope, na mtoto atandikiwe mkeka unaofuliwa.

Kinyesi cha mtoto anayenyonya kina shida gani?

Kina vijidudu kama cha mtu mzima. Kukitupa migombani ni kuwaandalia nzi chakula, na nzi hao hao watatua kwenye uji. Kitupe chooni, kisha unawe kwa sabuni. Kibuyu chirizi cha jerikani dogo, kamba na kijiti cha kukanyaga hakina gharama. Kitundike karibu na choo. Sabuni ikikosekana, tumia jivu.

Uji uliopikwa asubuhi ukaachwa hadi jioni nao una hatari. Pika kidogo, mpe aumalize. Kabla ya miezi sita, maziwa ya mama peke yake yanatosha. Hata maji hahitaji.

Bibi anasema ni ebiino, yaani "meno ya uongo", yang'olewe. Nifanyeje?

Bibi anampenda mjukuu wake, kwa hiyo mjibu kwa heshima, ila usikubali. Kile kiuvimbe cheupe kwenye ufizi ni chipukizi la jino la kawaida la utotoni, wala halisababishi kuhara. Wanaolichimba hutumia kisu au spoki ya baiskeli. Mtoto anavuja damu, anaweza kupata pepopunda au sumu kwenye damu, na wapo waliokufa. Na wakati huo wote maji yanaendelea kumtoka mwilini, na hilo ndilo linaloua.

Nimpe nini nyumbani?

ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) na zinki. Muulize VHT (mhudumu wa afya wa kujitolea) wa kijiji chenu au nenda kituo cha afya. Soma pakiti ya ORS inataka maji kiasi gani, usikisie. Mpe kwa kijiko kila anapohara. Akitapika, subiri dakika kumi kisha endelea polepole. Iliyobaki baada ya saa 24 imwage. Zinki ni ya siku 10: nusu kidonge cha miligramu 20 kwa aliye chini ya miezi sita, kidonge kizima kwa aliyezidi. Kuhara kukikoma siku ya tatu, dawa imalize. Na usimwachishe kunyonya, mnyonyeshe zaidi.

Nimkimbize kituoni lini?

Mara moja ukiona damu kwenye kinyesi, macho au utosi umebonyea, analegea, hawezi kunywa, au anatapika kila kitu. Finya ngozi ya tumbo uiachie: ikirudi taratibu, usingoje kuche. Mwendelezee ORS njiani, hata juu ya bodaboda. Mtoto mchanga wa chini ya miezi miwili apelekwe hata kabla ya dalili hizo.

Kuna chanjo?

Ipo ya virusi vya rota, ambavyo huharisha vibaya sana watoto wadogo. Uganda iliiingiza kwenye chanjo za kawaida mwaka 2018, na hutolewa bure kwa matone mdomoni, akiwa na wiki sita na tena wiki kumi. Haizuii kila aina ya kuhara, kwa hiyo banda la kuku bado linahitajika. Kama mmechelewa, peleka mtoto na kadi yake. Muuguzi ataangalia umri na kukuambia kama bado anaweza kupewa.