Je, wajua kwa nini duka likichomwa Johannesburg, ubalozi hufungwa Abuja?

Mapema Septemba 2019, makundi ya watu yalivamia na kuchoma maduka ya wageni Johannesburg na viunga vyake. Haikupita wiki, Nigeria ikasusia mkutano wa Jukwaa la Uchumi Duniani uliofanyika Cape Town, Zambia ikafuta mechi ya kirafiki na Bafana Bafana, timu ya taifa ya Afrika Kusini, na Tanzania ikatangaza kusitisha safari za ndege zake kwenda Johannesburg. Nigeria kwenyewe, watu wenye hasira walishambulia maduka ya Shoprite na MTN, kampuni za Afrika Kusini, hadi Afrika Kusini ikafunga ubalozi wake Abuja kwa muda.

Ghasia za mtaani zinafikaje huko? Mhamiaji ana ndugu nyumbani, na ndugu hao ni wapiga kura. Video za simu huwafikia kabla balozi hajatoa tamko, kwa hiyo hata waziri anayetaka kuyamaliza kimyakimya hana pa kujificha.

Aprili 2015, baada ya wageni kushambuliwa Durban, raia wa Msumbiji walifunga barabara huko Ressano Garcia, mpakani na Afrika Kusini, wakayapopoa mawe magari yenye namba za jirani. Sasol, kampuni ya nishati ya Afrika Kusini, iliwarudisha kwao wafanyakazi wapatao 340, raia wa Afrika Kusini waliokuwa kazini Msumbiji. Hao hawakumgusa mgeni yeyote, ila walibeba lawama za wenzao. Na kampuni hiyo ndiyo inayotoa gesi Msumbiji na kuipeleka Secunda, Afrika Kusini, kwa bomba la kilomita 865. Viwanda vya Afrika Kusini vilikuwa vikitegemea gesi ya nchi ambayo watu wake walikuwa wakifukuzwa mitaani.

Kinachouma zaidi ni historia. Wapigania uhuru wa ANC walipewa ardhi Mazimbu, Morogoro. Msumbiji ilivamiwa na makomando wa makaburu huko Matola mwaka 1981 kwa sababu ya kuwahifadhi. Ndiyo maana Rais Ramaphosa wa Afrika Kusini alizomewa Harare katika mazishi ya Mugabe, Septemba hiyo ya 2019, akaomba radhi hadharani, kisha akatuma wajumbe wakiongozwa na Jeff Radebe kwenda nchi saba, Tanzania ikiwemo.

Ukosefu wa ajira unaowasukuma vijana wa Afrika Kusini ni wa kweli, sikatai. Lakini kati ya watu 62 waliouawa katika ghasia kama hizo dhidi ya wageni mwaka 2008, 21 walikuwa raia wa Afrika Kusini.

Radhi hutuliza mabalozi. Mikataba hubaki imekwama. Itifaki ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ya kurahisisha watu kuvuka mipaka ilitiwa saini mwaka 2005, na miaka mingi baadaye bado haijapata idadi inayotakiwa ya nchi za kuiridhia ili ianze kutumika. Mwanasiasa anayeona kura katika kuwalaumu wageni hana haraka ya kuwafungulia mlango, na jirani aliyezika raia wake naye hana haraka ya kumwamini.